Mlezi Hashiki Spana

Tulipomaliza kumzika Mzee Ramadhani tulirudi nyumbani kwake Lyamkena, tukakaa kwenye mikeka chini ya turubai. Upepo wa Makambako ulikuwa ule ule wa siku zote, wa kupenya hadi kwenye mifupa. Nilijikuta karibu na kundi la mafundi wa magari, wengi wao vijana wa umri wa wajukuu zangu, na wakati tunasubiri chakula walikuwa wakitajiana walikotoka katika ufundi wao, kama watu wengine wanavyotajiana koo. Mmoja alisema, "Mimi nilifungishwa na Onesmo." Mwingine akajibu, "Basi wewe ni mjukuu, maana Onesmo alifungishwa na marehemu mwenyewe." Kijana aliyekuwa akitunawisha mikono alipofika kwangu aliinama kwa adabu akaniuliza, "Na wewe babu, ulifungishwa na nani?" Onesmo mwenyewe alikuwa mkeka wa pili, mzee sasa, kichwa kimejaa mvi, na tangu asubuhi alikuwa hajanisalimu. Alimjibu kijana badala yangu. "Huyo usimsumbue. Huyo alifungishwa na katiba." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachokatizwa kabla hakijakua, nami nikanawa mikono nikala wali wangu. Alichosema kilikuwa kweli, na waliocheka hawakujua hata nusu yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, ule mwaka ambao sabuni na sukari zilirudi madukani na kila mwenye akiba au mjomba mwenye akiba akataka lori. Malori yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha kuchoka huko yalikotoka, na spea zake hazikupatikana, kwa hiyo yalikufa njiani na mengi yalikufia Makambako, panapokutana barabara ya Njombe na ile kubwa ya Mbeya. Kulikuwa na uwanja mtupu nyuma ya stendi, umejaa oili hadi udongo ukawa mweusi, na hapo ndipo Mzee Ramadhani alipoanza kutengeneza magari peke yake, kisha na wengine waliovutwa na kazi. Hakuwa amemwajiri mtu. Kila fundi alikuwa na wateja wake. Lakini uwanja ulikuwa na desturi zake, na desturi zenyewe alizianzisha yeye bila kumtangazia mtu. Ya kwanza ni kwamba injini ikifunguliwa, inafunguliwa mbele ya watu. Ukigundua namna ya kuchonga bushi kwenye tairi bovu, au kutumia spea ya trekta kwenye lori, ulimwonyesha yeyote aliyeuliza, na kesho yake yeye akaiboresha akakuonyesha wewe. Ya pili ni bolti ya mwisho. Gari likikaribia kumalizika, kazi ilisimama, Mzee Ramadhani akaitwa, naye akauliza, "Nani kauona ugonjwa?" Aliyeuona akatajwa, akapewa spana, akafunga bolti ya mwisho huku wote wakitazama na dereva akimwangalia usoni. Kuanzia siku hiyo uliitwa fundi, na aliyekupa spana ndiye aliyekufungisha. Kabla ya hapo, hata kama una miaka mingapi uwanjani, ulikuwa "kijana".

Mimi sikuwa fundi. Nilikuja pale na cheti cha kidato cha nne na mikono isiyojua kazi, nikabaki kwa sababu niliweza kusoma vitabu vya injini vilivyokuja na malori, vyote vya Kiingereza. Waliniita Msomi, jina ambalo mwanzoni nililipenda. Nilipanga foleni ya magari, nilipatana bei na madereva, nilikwenda Njombe na Iringa kutafuta spea. Kuna siku walihangaika na injini moja tangu asubuhi, wanaifunga, inawaka, inagonga, wanaifungua tena. Nikaketi juu ya tairi na kitabu chake, nikasoma, nikawaambia kwamba meno ya gia mbili za mbele yana alama ambazo lazima zitazamane. Wakapangusa oili, alama zikaonekana, wakazipanga, injini ikaacha kugonga. Mzee Ramadhani akaja akauliza swali lake, na watu wote, bila ubaya wowote, wakamtaja aliyepangusa oili. Yule akafunga bolti. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Leo ninaweza kusema kwamba kila nililolifanya baadaye lilianzia kwenye makofi yale, ingawa kama ungeniuliza siku hiyo ningekwambia sijali mambo ya kitoto.

Tulikula kwa mke wa mzee, Mama Rehema, kwenye kibanda cha mabanzi ukingoni mwa uwanja. Mabanzi yale yalitoka Matembwe kwa malori ya mbao, na yalikuwa na nafasi kati yake kiasi kwamba upepo uliingia na maneno yakatoka. Ndani mlikuwa na benchi mbili, meza iliyofunikwa plastiki ya maua, na moshi. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, mchana ugali na maharage. Mama Rehema alimjua kila mtu kwa njaa yake, nani anakula haraka, nani anaacha ganda la viazi, nani anakuja kula wakati wenzake wameinamia kazi. Ukikaa kwenye benchi ya nyuma ulisikia kila kinachosemwa nje ukutani, na pale ndipo nilipojifunza mambo ya uwanja kuliko nilivyojifunza uwanjani.

Onesmo alikuja katikati ya mwaka huo, kutoka Lupingu, ambako alikuwa anatengeneza injini za boti za ziwani. Alikuja na mfuko mmoja na mdomo mkubwa. Alizunguka uwanja akiangalia kazi za watu, mikono nyuma kama bwana shamba, akasema, "Nyie hapa hamtengenezi magari, mnayachinja." Lazaro alikuwa karibu. Lazaro alikuwa Mbena wa pale pale Makambako, mchomeleaji hodari, mtu wa pili kwa Mzee Ramadhani kwa kuheshimiwa, na alijua hivyo.

"Kamwene, mgeni," Lazaro alimsalimu kwa Kibena. "Huku hatuna samaki. Umepotea njia?"

"Samaki nimewaacha wanaelea, bwana. Nimefuata injini zinazozama."

Walicheka watu wote isipokuwa Lazaro. Na mimi sikucheka, maana alikuwa amekwisha kunigeukia akiuliza, "Na huyu mwenye shati safi ni mgonjwa au ni mteja?"

Wiki chache baadaye lilikuja lori la tani saba lililokata moto kila lilipopanda mlima. Lazaro na wenzake waliifungua pampu ya dizeli, wakaisafisha, wakaifunga. Lori likaenda mpaka mlima wa kwanza likarudi likivutwa. Wakaifungua tena. Onesmo alikaa pembeni anatafuna muwa, akisema kwa sauti ya kusikika, "Mnamtibu mtu tumbo, anaumwa koo." Mwisho Lazaro akamtupia spana miguuni. Onesmo hakuiokota. Alitoa kisu, akakata mpira unaoleta dizeli kutoka kwenye tangi, akaupasua kwa urefu, akawaonyesha. Ndani mpira ulikuwa umeoza, kipande kimebanduka kama ulimi, na kila injini ilipovuta kwa nguvu ulimi ule ulijikunja ukaziba njia. Aliuinua juu akazunguka nao ili kila mtu auone, na alipofika kwa Lazaro alimwambia, "Shika, kawafundishe wanao." Mpira mpya ukafungwa, Mzee Ramadhani akaitwa, akauliza nani kauona ugonjwa. Lazaro akasema, "Mzee, huyu hata mwezi hajamaliza hapa. Na amewatukana watu." Mzee Ramadhani alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ya chini. Alisema, "Sikuuliza nani ana adabu." Akachukua spana kwa mkono wake mwenyewe akampa Onesmo.

Sasa ninavyofikiria, mzee alikuwa sahihi kumpa ile bolti, na alikosea kudhani kwamba bolti inatosha. Watu hawagombani kwa sababu ya heshima anayopewa mwingine tu. Wanagombana kwa sababu ya ile ambayo wao waliisubiri wakaona imepita mlangoni kwao bila kubisha hodi. Jioni ile nikiwa kwenye benchi ya nyuma nilimsikia Lazaro nje ya mabanzi akiwaambia wenzake kwamba uwanja umekuwa wa mtu mmoja, kwamba mzee anagawa ufundi kama peremende, na kwamba watu wa kuja sasa wanatukuka juu ya wenyeji. Mzee Ramadhani naye alikuwa mtu wa kuja, alitoka Tabora. Niliweka bakuli langu chini, nikatoka nje, nikasimama nao.

Nilichowapa kilikuwa wazo, na lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho. Ofisi ya mji ilikuwa imetangaza kwamba vikundi vya mafundi vitakavyojiandikisha vikiwa na katiba na viongozi vitagawiwa viwanja vya kudumu. Wote tulijua kwamba uwanja wetu haukuwa wa mtu, na siku moja tungefukuzwa. Nikasema tuunde umoja. Lazaro awe mwenyekiti, mimi katibu. "Na mzee?" mmoja akauliza. "Watu hawatakubali mzee aachwe." Nikawaambia hatumwachi, tunampandisha. Tunamfanya mlezi. Kila kikundi kilikuwa na mlezi wake, kwaya, timu ya mpira, chama cha wauza mbao. Mlezi hukaa mbele, hupewa soda kwanza, huombwa neno la mwisho, na hana kura. Lazaro alicheka mpaka akashika tumbo. "Msomi wewe ni nyoka," aliniambia. "Tutamheshimu mpaka achoke." Naona aibu kuandika kwamba hiyo ilikuwa sifa ya kwanza niliyopewa uwanjani pale, na kwamba ilinipasha joto.

Katiba niliiandika mwenyewe, nikaifananisha na ya kwaya yetu ya kanisani, na mahali pa mlezi nikaongeza kwamba kwa heshima yake hatashiriki kazi za kila siku, na kwamba mambo ya kuwatambua mafundi yatakuwa ya kamati. Niliisoma mbele ya wote nikiwa nimesimama juu ya tairi. Walipiga makofi sana waliposikia neno mlezi. Kiti kililetwa, kiti cha mninga chenye mikono, Lazaro alikuwa amekichongesha kwa seremala wa mjini, na Mzee Ramadhani akaketishwa na mabaka yake ya oili. Aliniangalia mimi. "Kwa hiyo bolti atatoa nani?" aliuliza. Nikamjibu, "Kamati, Mzee. Wewe pumzika. Umetufanyia mengi." Akasema, "Sijawaambia nimechoka." Lakini watu walikuwa wakiimba, na kumkatalia mtu heshima mbele ya watu wanaoimba ni jambo gumu. Onesmo peke yake alikuwa amekaa juu ya injini akipiga makofi polepole, kofi moja, kimya, kofi jingine, hadi Lazaro akamwambia akome.

Mama Rehema aliona kabla ya wengine. Kesho yake niliponyoosha bakuli alinipakulia maharage kidogo kuliko siku zote, akasema bila kuniangalia, "Jana mume wangu kaja nyumbani mapema. Kaniuliza kama kuna kitu cha kutengeneza." Nikamwambia mzee anastahili kupumzika, mama. "Anastahili," alisema. "Marehemu wote wanastahili." Kisha akamwita anayefuata.

Kamati ilianza kutoa bolti. Kwanza wakapewa watu ambao kweli walistahili, halafu wakapewa walioshika upande wa Lazaro, halafu mdogo wa mkewe Lazaro, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda matairi. Onesmo aliona ugonjwa wa magari zaidi ya mtu yeyote msimu ule na hakuitwa tena hata mara moja. Mafundi wakaanza kufanya hesabu zao vichwani. Kama kuonyesha mbinu yako hakukupi kitu, kwa nini uionyeshe? Siku moja niliona mtu ametundika magunia mawili kati ya gari lake na la jirani. Nilidhani anazuia upepo. Baada ya muda magunia yalikuwa kila mahali, uwanja umekuwa kama kijiji cha vibanda, na ukipita ulisikia spana zikigonga na watu wakinyamaza wanaposikia hatua zako. Mzee Ramadhani alikaa kwenye kiti chake katikati ya magunia yale, na koti jeusi alilopewa na umoja, kila siku, kama mtu anayesubiri basi ambalo wenzake wanajua halipo.

Kisha ikaja siku yangu. Kamati iliamua kwamba katibu naye atambuliwe, kwa kazi ya kuandika katiba na kufuatilia kiwanja. Nilikusudia kukataa. Niliamka asubuhi nikijua kwamba nitakataa. Lori lilikuwa la dereva mmoja wa Songea, limefunguliwa silinda hedi, kile chuma kizito kinachofunika injini juu, na bolti zote zilikuwa zimekwisha kukazwa isipokuwa moja. Lazaro akanyanyua spana akaita, "Katibu!" Watu walitoka nyuma ya magunia yao. Nikaichukua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na ya baridi. Nikakaza. Nilitaka iwe imara, nilitaka watu waone imekaza, nikavuta kwa mwili mzima, na bolti ikalia mlio mdogo kisha spana ikawa nyepesi mkononi. Kichwa cha bolti kilikuwa kimekatika. Kipande kingine kilibaki ndani ya injini.

"Mmemfungisha katiba!" Onesmo alipiga kelele. "Haya, mwambieni aisome, bolti itoke!"

Dereva alianza kunitukana, na alikuwa na haki. Lazaro alitazama chini. Kuitoa bolti iliyokatikia ndani bila kuharibu injini ilikuwa kazi ambayo pale uwanjani waliiweza watu wawili, na mmoja alikuwa anacheka. Wa pili aliinuka kwenye kiti. Mzee Ramadhani alivua lile koti akaliweka juu ya mkono wa kiti, akakunja mikono ya shati, akatembea kuelekea kwenye lori. Uso wake ulikuwa umebadilika, nadiriki kusema ulikuwa na furaha. Watu wakampisha. Lazaro akasema haraka, "Mzee, kaa. Mlezi hashiki spana." Mzee hakusimama. Wakati huo kila mtu alikuwa ananiangalia mimi, nina kichwa cha bolti kiganjani, na ningeweza kusema neno lolote, hata kunyamaza kungetosha. Nilisema, "Mzee, katiba hairuhusu."

Alisimama. Alinitazama si kwa hasira, bali kama anavyotazama injini ambayo hajaisikia ikilia. Halafu alirudi, akachukua koti, hakulivaa, akapita katikati ya magunia akaelekea kibandani kwa mkewe. Kesho yake kibanda cha Mama Rehema kilikuwa kimefungwa. Kesho kutwa mabanzi yalikuwa yamebomolewa na kubebwa.

Alianza upya nyumbani kwake Lyamkena, chini ya paa la mbele, na Onesmo akamfuata siku ile ile. Wengine waliwafuata mmoja mmoja, wakiaga kwa visingizio vya wagonjwa na mavuno. Madereva nao wakajua. Umoja wetu ulipata kiwanja, kwa barua yenye muhuri, na nilipokwenda kukionyesha hapakuwa na mafundi wa kukijaza. Lazaro aliniita, hacheki tena. "Nenda kwa mzee," aliniambia. "Mwambie tunampa uenyekiti. Mimi nitakuwa makamu."

Nilikwenda Jumapili, nikitoka moja kwa moja ibadani. Walikuwa kazini, watu wengi kuliko nilivyotarajia, injini imelazwa juu ya mbao, na wote wameinamia. Hapakuwa na gunia hata moja. Mzee Ramadhani alikuwa chini ya gari, amelala chali, akatoka nilipomwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu."

Nikamweleza. Uenyekiti, kiwanja, makamu, kura. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Onesmo alisema kutoka nyuma, "Kaja na kiti kingine. Hiki kina magurudumu?" Watu wakacheka. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Festo," alisema. Sikudhani alijua jina langu. "Ile siku ya kitabu, ya zile alama za gia. Ugonjwa uliuona wewe. Nililijua hilo jioni, nikaona haya kurudia jambo lililokwisha. Hapo nilikukosea." Sikuwa nimejiandaa kwa neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaendelea, "Uenyekiti mrudishie mwenyewe, Lazaro. Lakini wewe kama unataka kurudi, vyuma vile havijaoshwa." Akaonyesha karai la dizeli kando ya ukuta, limejaa vipande vyeusi vya injini. Kila aliyeingia ufundi kwa mzee alianzia kwenye karai la namna ile, Lazaro alianzia, hata Onesmo na mdomo wake aliosha siku yake ya kwanza. Mimi peke yangu sikuwahi.

Nikatazama karai. Watu walikuwa wameacha kazi. Nikasema nimevaa shati la kanisani, nitarudi kesho na nguo za kazi.

"Dizeli haiui, Katibu," Onesmo alisema.

Mama Rehema alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Hakuwa amenisalimu, na uso wake haukuwa umenisamehe. Alisema, "Vua hilo. Nakuletea shati la mzee." Akaweka sufuria chini akaingia ndani kulitafuta. Alipotoka nalo mimi nilikuwa nimeshafika barabarani. Nilimsikia akiniita, kwa jina, nikaongeza mwendo.